"Mimi si Mtu wa Kuongea": Mwongozo kwa Anayeogopa Kusimama Mbele za Watu

Kuna watu wanaopitishwa kituo kwa sababu hawakuweza kupaza sauti ndani ya daladala na kusema "shusha!" Wanangoja mwingine aseme, na asipotokea wa kusema wanashuka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu juani, huku wakijiambia kwamba kutembea ni mazoezi. Kuna wengine ambao daladala haiwasumbui, ila kikao kikifika kwenye "mengineyo" na mwenyekiti akauliza nani ana neno, wanainamia simu. Neno wanalo. Wamekuja nalo tangu nyumbani. Watalisema njiani wakati wa kurudi, kwa jirani mmoja, kwa ufasaha kabisa.

Mwongozo huu ni wao. Hofu ziko za kila namna: ya maji, ya usukani, ya mtihani wa hesabu. Nimechagua hii ya kusema mbele za watu kwa sababu inawanyima watu vitu vinavyoonekana, kama kiwanja, mkopo wa kikundi, cheo kazini, au hata haki ya kusikika kwenye msiba wa baba yao mzazi.

Wengi wanangoja hofu iishe ndipo waanze kusema. Mambo hayaendi hivyo. Unaanza kusema hofu ikiwepo, unasema tena, unasema mahali pengine, na baadaye ndipo inapopungua. Hatua zilizo hapa chini ni namna ya kulifanya hilo kidogo kidogo, bila kuanza na ukumbi wa watu mia tano.

Hatua ya kwanza: andika ile sentensi unayojiambia

Chukua daftari na kalamu. Simu iache, ina mengi ya kukupotezea muda. Andika neno kwa neno kile unachojiambia dakika ile unapotaka kunyoosha mkono ukaurudisha chini. Kama unakiwaza kwa Kisukuma au kwa Kihaya, kiandike hivyo hivyo.

Sentensi zenyewe huwa zinafanana. "Mimi si mtu wa kuongea." "Wakiwepo wasomi nanyamaza." "Nachanganya l na r, watajua natokea wapi." "Mwanamke akisema sana ataonekana hana adabu." "Nitachekwa."

Nyingi kati ya hizi hukuzitunga wewe. Ukizifuatilia utazikuta darasani. Hapa Tanzania watoto wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza wakatakiwa kujibu kwa Kiingereza. Anayejua jibu hana maneno, akijaribu anachekwa, akinyamaza anasalimika. Miaka minne ya kujifunza kwamba kunyamaza ni salama haifutiki kwa sababu tu umepata cheti. Nyingine zinatoka kwenye malezi. Na hapa nisieleweke vibaya: mtoto kusubiri wakubwa wamalize ni adabu njema, wala sioni kwa nini tuione adui. Ubaya ni pale mtu ana miaka 40, ana watoto sekondari, na bado anakaa kikaoni kama mtoto aliyetumwa kuleta maji ya kunawa.

Sasa kazi yenyewe. "Mimi si mtu wa kuongea" ni kauli isiyopimika. Hata ukisema vizuri leo, utajiambia ilikuwa bahati. Kwa hiyo igeuze iwe utabiri wa tukio moja, wenye siku na mahali. Mfano: "Jumapili kikundini nikisimama kusema juu ya faini za kuchelewa, nitasahau nilichotaka kusema, na wanakikundi watatu au zaidi watacheka." Pembeni yake andika unaamini kiasi gani kwamba itakuwa hivyo, kuanzia 0 mpaka 10. Utabiri wa namna hii una uzuri mmoja: Jumapili jioni utajulikana ulikuwa kweli au si kweli.

Hatua ya pili: ujue mwili unafanya nini

Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, koo linakauka, magoti yanaishiwa nguvu. Vyote hivyo vina chanzo kimoja. Ubongo ukihisi hatari, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli mikubwa ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Vidole hupoa, mikono hutetemeka. Mate hupungua kwa kuwa kusaga chakula si jambo la dharura. Mwili umejiandaa kumkimbia chui, kumbe aliye mbele yako ni mweka hazina.

Hali hiyo hupanda, kisha hushuka yenyewe ukiiachia muda. Ukikimbia ikiwa juu, unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokuponza. Ubongo unajifunza kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Mara nyingine utaanza kutetemeka mapema zaidi, labda usiku wa kuamkia kikao. Ukibaki mpaka ishuke, unajifunza kingine.

La pili ni kwamba unachokihisi ndani ni kikubwa kuliko kinachoonekana nje. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyemwonea aibu, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliokuwa wameitambua kweli ni kama robo. Wawili kati ya watafiti hao, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, wakaendelea, na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba wasemaji nao hudhani wasiwasi wao unaonekana kuliko unavyoonekana. Tena wale walioelezwa hivyo kabla ya kusimama walisema vizuri zaidi kuliko ambao hawakuelezwa. Basi na wewe umeshaelezwa.

Hatua ya tatu: jenga ngazi yako

Mbinu hii ya kuikaribia hofu hatua kwa hatua ina umri. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 na alikuwa akiogopa sungura. Sungura aliletwa ndani ya kizimba na kuwekwa mbali, mtoto akila chakula anachokipenda. Akasogezwa karibu siku baada ya siku, mpaka Peter akamwachia amng'ate ng'ate vidole. Mwaka 1958 daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, akatoa kitabu kilichoipeleka mbinu ya namna hiyo kwenye tiba ya watu wazima. Wolpe alitaka mgonjwa alegeze mwili kwanza. Siku hizi wataalamu wengi hawalisisitizi hilo. Wanataka ukutane na unachokiogopa ili utabiri wako ushindwe mbele ya macho yako.

Orodhesha mambo kama kumi yanayohusu kusema, kuanzia lile linalokuchosha kidogo hadi lile ambalo ukilifikiria tu tumbo linavurugika. Kila moja lipe alama za hofu, 0 mpaka 10. Ya mtu anayeishi mjini na ana kikundi cha kuweka na kukopa inaweza kuwa hivi:

- Kusema "shusha" mwenyewe, hata kama kuna mwingine anayeshuka kituo hicho hicho: 2
- Kuomba punguzo la bei kwa sauti ambayo mteja wa pembeni anaisikia: 2
- Kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, ule wa kwanza uliorekodi, bila kuusikiliza na kuurudia: 3
- Kutaja hisa zako kikundini kwa sauti ya kusikika badala ya kumnong'oneza mweka hazina: 3
- Kusema "naunga mkono hoja" na kuongeza sababu moja: 4
- Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita: 5
- Kuuliza swali kwenye mkutano wa wazazi shuleni: 6
- Kufungua kikao kwa sala au dua: 6
- Kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia kwenye sendofu au kipaimara: 8
- Kupinga hoja ya mwenyekiti, kwa heshima, mbele ya wote: 9

Yako haitakuwa hii. Wapo wanaoongoza sala bila shida lakini wakiambiwa waulize swali la fedha wanaloa jasho. Wapo wanaomkabili bosi ofisini na kushindwa kusimama mbele ya mashemeji. Andika yako kwa ukweli.

Kama ningeambiwa nichague kituo kimoja tu katika orodha nzima, ningechagua kusoma muhtasari. Maneno yameshaandikwa, si yako, hakuna atakayekubishia. Umesimama, sauti yako inajaza chumba, watu wote wamekutazama kwa dakika kadhaa, na kazi yako ni kusoma tu. Tena makatibu wengi wamechoka kusoma. Mfuate siku mbili kabla, umwambie, "Dada katibu, safari hii nisaidie nikusomee." Utashangaa atakavyofurahi.

Kanuni za kupanda ni chache. Rudia kituo kimoja mpaka alama zake zishuke kama nusu, ndipo usogee. Marudio yawe karibu karibu. Mara moja kwa miezi mitatu haitoshi, ndiyo maana vituo vidogo vya kila siku, kama daladala na sokoni, vina maana. Badilisha mahali na watu, kwa kuwa ubongo hujifunza kwa uchoyo: ukizoea kusema kikundini unaweza ukatetemeka upya kanisani. Na ukikwama, usijiambie umeshindwa, tafuta kituo cha katikati. Anayeweza kuuliza swali lakini hawezi kutoa shukrani anaweza kuanza kwa kuwatambulisha wageni wa meza yake.

Hapa niwaseme kidogo wahamasishaji. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba imani ya mtu kuwa anaweza jambo fulani inatoka pande nne: kulitenda mwenyewe, kumwona mwingine akilitenda, kuambiwa maneno ya kumtia moyo, na jinsi anavyoutafsiri mwili wake mwenyewe. Kulitenda mwenyewe ndiko kunakoijenga kwa nguvu zaidi. Sasa fikiria ukumbi mzima ukipiga kelele "Naweza! Naweza!" Ni maneno ya kutia moyo, hayadhuru, ila Jumatatu mtu yule yule anarudi kazini kunyamaza, safari hii akiwa ametoa na kiingilio. Upande wa pili katika ile minne una faida zaidi na ni wa bure: tafuta mtu wa hali yako, mwenye lafudhi yako, mwenye elimu yako, anayesema vikaoni, umwangalie. MC maarufu hakufai kwa kazi hii. Utamwona na kusema, "Yule ni yeye."

Hatua ya nne: vua vijificho, kimoja kimoja

Vijificho ni vile vitu vidogo unavyovifanya ili usionekane hata ukiwa umesimama. Kusoma karatasi neno kwa neno bila kuinua uso. Kukimbiza maneno ili umalize. Kusema kutoka kwenye kiti, nusu umekaa nusu umesimama. Kuanza na "samahanini jamani, mimi si msemaji." Kumtuma mumeo au mdogo wako akusemee. Bia mbili kabla ya hotuba ya harusi.

Tatizo la vijificho ni kwamba vinakula ushahidi. Umesema, hakuna aliyecheka, ila unajiambia ni kwa sababu ulisoma karatasi, au ni bia. Kwa hiyo hata baada ya mara ishirini imani ile ya zamani haijaguswa. Ya pombe ni mbaya zaidi, maana mwisho mtu anakuwa na matatizo mawili.

Usivivue vyote siku moja. Leo acha ile samahani ya mwanzo tu. Kikao kijacho simama wima. Kingine, inua uso kila mwisho wa sentensi.

Hatua ya tano: maneno yenyewe

Hofu nyingi zinapungua kama unajua sentensi yako ya kwanza. Na Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wengi hawaitumii: salamu yenye kuitikiwa. Ukisema "Bwana Yesu asifiwe", "Assalaam aleikum" au "Tumsifu Yesu Kristo", ukumbi unakujibu. Ukisema "Shikamooni wazee wangu", unapokea marahaba. Wakati wanaitikia, wewe unapumua. Umeshasema, umeshasikika, umeshajibiwa, na bado hujatoa hoja. Usiipite salamu mbio mbio. Itoe, nyamaza, subiri wamalize kuitikia. Ila angalia kikao ni cha nani. Kwenye mkutano wenye dini zote, "habari za asubuhi" haimtengi mtu.

Baada ya salamu, itifaki. Kama hujui nani anatangulia nani kwenye meza kuu, wala usijitese kuwataja mmoja mmoja. "Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa" inatosha, na hakuna atakayenuna.

Kisha sema mambo matatu: jambo lenyewe, sababu yake, ombi lako. "Naitwa fulani, mkazi wa hapa. Mtaro wa nyuma ya shule umeziba tangu masika. Maji yanaingia madarasani na watoto wanakaa nje. Naomba tukubaliane leo siku ya kuuzibua, na nani ataleta majembe. Ahsante mwenyekiti." Haichukui hata dakika moja. Watu wanamkumbuka aliyesema hivi kuliko aliyezunguka robo saa.

Usikariri yote. Ukikariri neno kwa neno, likipotea moja yanafuata mengine yote. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati beba karatasi ndogo yenye maneno matatu ya kukukumbusha. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, jikoni au uani. Mazoezi ya kimoyomoyo hayahesabiki, maana mdomo haujashiriki.

Hatua ya sita: siku ya kikao

Fika mapema, usalimiane na watu mmoja mmoja, ukae mbele. Ni vigumu kumwogopa mtu uliyetoka kumwuliza hali ya mjukuu wake. Kula kidogo, beba maji. Kahawa iache siku hiyo kama huwa inakupeleka moyo mbio.

Omba nafasi mapema. Anayesubiri mengineyo anasubiri na hofu yake, inapanda kwa saa mbili, halafu muda unaisha na kikao kinafungwa. Kama jambo lako linaingia kwenye yatokanayo, lisemee hapo.

Zamu ikikaribia, toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ile uliyoivuta, mara nne au tano. Kanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili. Ukisimama mtazame mtu mmoja kwa sentensi moja, kisha mwingine. Wapo wanaoshauri utazame ukuta juu ya vichwa vya watu. Mimi siushauri, ni kijificho kama vingine.

Na yale unayoyaogopa yakitokea? Ukisahau, rudia sentensi uliyoimaliza, au sema tu "nimepotea kidogo, nitazame karatasi yangu." Hakuna kifungu cha katiba kinachokataza. Ukikatizwa, "mwenyekiti, naomba nimalizie" ni maneno ya kawaida kikaoni na ni wajibu wa mwenyekiti kukulinda. Wakicheka, ngoja wamalize. Mara nyingi kicheko ni cha neno, si cha mtu, na kama ni cha neno unaweza kucheka nao. Ukitetemeka, tetemeka na uendelee. Lengo la siku hiyo si kutotetemeka. Ukijiwekea lengo hilo, kila mtetemo utakuwa ushahidi dhidi yako.

Hatua ya saba: rudi kwenye daftari

Jioni ile ile, kabla kumbukumbu haijaanza kuchakachuliwa, fungua ukurasa wenye utabiri. Andika kilichotokea kama katibu anayeandika muhtasari: nani alisema nini, nani alicheka, ulisahau au hukusahau. Usiandike "nimeharibu." Hayo ni maoni. Andika, "Nilisimama muda mfupi, nikasahau jambo la pili, mtu mmoja alitabasamu, mwenyekiti akaniuliza swali, nikajibu." Kisha linganisha.

Wakati mwingine utabiri utakuwa kweli, watu watacheka kweli. Basi andika lililofuata baada ya kucheka. Ulipona? Ajenda iliendelea? Kwa kawaida unachokigundua si kwamba jambo baya halitokei kamwe, bali kwamba likitokea linabebeka.

Usiwazungukie watu kuwauliza "niliongeaje?" Ukiuliza mmoja utataka na wa pili, na hofu itakuwa imepata kijificho kipya.

Kuna hofu iliyo na haki yake

Hapa miongozo mingi huteleza. Si kila anayenyamaza ana imani potofu juu yake mwenyewe. Wengine wanamjua vizuri sana aliyekaa meza kuu. Mama mjane anayetaka kuuliza shamba la marehemu mumewe limepimwaje akapewa mgeni anaogopa kitu cha kweli. Kumwambia apumue kwa kina na kujiamini ni kumkosea.

Kinachomfaa ni sheria na watu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haombi ruhusa ya kuwa pale, ni mjumbe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu huo, na inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Anayejua haya anasimama na mgongo tofauti.

Na asisimame peke yake. Wakubaliane kabla, watu watatu au wanne: mmoja atauliza, wa pili ataunga mkono mara moja kabla ukimya haujaingia, wa tatu atasema sentensi muhimu kuliko zote, "Naomba iingie kwenye muhtasari." Lililoandikwa ni gumu kulikana. Kama bado hatari ni kubwa kuliko faida, kuna barua, kuna diwani, kuna ofisi za msaada wa kisheria. Kuchagua njia hizo si woga.

Ikizidi kiasi

Kama umekwepa watu kwa miezi sita au zaidi, umeacha shule au kazi kwa sababu ya kuogopa kutazamwa, huli mbele za wenzako, au hofu imekuja na huzuni na mawazo ya kujidhuru, hapo daftari halitoshi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa hofu ya kijamii, na unatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu yenye ngazi kama hii, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa uulize kliniki ya afya ya akili. Muhimbili iliyoko Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma zinatoa huduma hiyo. Nairobi kuna Hospitali ya Mathari.

Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, propranolol, watu hupeana kabla ya usaili kana kwamba ni peremende. Mwenye pumu vinaweza kumbana kifua vibaya sana. Usimeze bila daktari kukupima. Na mwenye kigugumizi asijumlishwe humu; kigugumizi si woga, kina wataalamu wake wa matamshi.

Kwa wewe unayeendesha vikao

Nusu ya kazi hii iko mikononi mwa mwenyekiti, na wenyeviti wengi hawajui. Ukiuliza "kuna mwenye neno?" watanyoosha mikono wale wale watano wa kila siku. Jaribu hivi: kabla ya kuamua jambo kubwa, wape wajumbe dakika tatu wazungumze wawili wawili na jirani zao, kisha pita kwa mzunguko, kila mmoja aseme sentensi moja au aseme "napita." Yule ambaye ameshasema na jirani yake ana maneno mdomoni tayari. Usimshtukize mtu kwa kumtaja jina ghafla ukidhani unamsaidia. Mdokeze mapema kwamba leo utamwomba aseme juu ya jambo fulani. Anayecheka lafudhi ya mwenzake mnyamazishe pale pale, hadharani. Na ule usomaji wa muhtasari uweke kwa zamu, ubandike ratiba ya majina ukutani ili kila mmoja ajue kikao chake.